Kufuata kikosi cha mashujaa toleo kwa toleo, ukiwa Unguja

Mpwa wangu alinikuta barazani Kikwajuni baada ya Isha, simu mkononi. "Shikamoo mjomba. Picha zote za Avengers nishazimaliza. Sasa nataka vitabu vyenyewe, nianze na kipi?" Nikamwambia akae kwanza, maana jibu lake si la kupewa mtu aliyesimama. Tulimaliza birika mbili za kahawa.

Haya ndiyo niliyomwambia usiku ule, pamoja na mengine niliyoyakumbuka alipokwisha kuondoka. Yanamfaa mtu anayetaka kusoma katuni za kikosi cha mashujaa kwa mpangilio, toleo baada ya toleo, naye anaishi hapa visiwani, ambako mimi sijapata kuona duka linalouza katuni hizo peke yake. Mfano wangu ni Avengers, kikosi cha kampuni ya Marvel ya Marekani, kwa sababu ndio niliokaa nao miaka mingi. Ukitaka vikosi vyengine, kama X-Men wa Marvel hao hao au Justice League wa kampuni ya DC, njia ni hii hii.

Jua kwanza unamfuata nani

Kwenye picha ya kawaida steringi ni mmoja, na akifa watu wanavaa viatu wanaondoka. Katuni ya kikosi haina steringi wa namna hiyo. Steringi ni kikosi chenyewe, watu wanaingia na kutoka.

Mpwa wangu hakunielewa mpaka nilipomtajia taarab. Nadi Ikhwan Safaa kilianzishwa mwaka 1905. Waliokuwepo siku ile wote wameshatangulia mbele ya haki, wapiga fidla wamepokezana kizazi kwa kizazi, waimbaji wamekuja na kwenda, na bado ukisikia jina la kikundi unajua unakwenda kusikiliza nini. Avengers ni vivyo hivyo. Toleo la 1, lenye jalada la Septemba 1963, liliandikwa na Stan Lee na kuchorwa na Jack Kirby, na waliomo ni Iron Man, Thor, Hulk, Ant-Man na Wasp. Toleo la 2 halijaisha, Hulk keshasusa na kuondoka. Toleo la 4 Captain America anaokotwa baharini akiwa ameganda ndani ya barafu. Toleo la 16, la Mei 1965, waanzilishi waliobaki wanakwenda mapumziko, naye Captain America anaachiwa watu watatu ambao juzi tu walikuwa upande wa maadui: Hawkeye, Quicksilver na Scarlet Witch.

Kwa hiyo usisome ukiuliza nani kashinda. Mara nyingi wanashinda wao. Uliza nani yumo, nani hayumo, nani kamnunia nani. Ukisoma kwa jicho hilo, hata toleo bovu litakupa kitu cha kuandika, na matoleo mabovu yapo mengi, sitakuficha.

Chagua mlango mmoja na uingie

Milango ninayoiona mimi ni mitatu. Wa kwanza ni mwanzo kabisa, 1963. Faida yake ni kwamba hupitwi na kitu. Hasara yake ni lugha: watu wa zama zile waliandika maneno mengi mno, mhusika anarusha nyundo huku anakueleza kwamba anarusha nyundo. Wasp, ambaye ndiye mwanamke pekee wa kikosi cha mwanzo, anapewa kazi ya kusifia sura za wanaume karibu kila ukurasa. Vumilia. Mambo yanachangamka toleo la 16, na yanachangamka zaidi Roy Thomas anapochukua uandishi toleo la 35 na baadaye John Buscema anaposhika penseli. Black Panther anajiunga toleo la 52, Vision anatokea la 57. Vyote viwili ni vya mwaka 1968.

Mlango wa pili ni 1998, mfululizo ulioandikwa na Kurt Busiek na kuchorwa na George Pérez. Mgeni nitampeleka huu. Toleo la 1 linamkusanya karibu kila aliyewahi kuwa mwanachama, hivyo unawaona wote mara moja kama harusini, na toleo la 4 wanachujwa hadi kubaki kikosi kimoja kinachoeleweka. Pérez, aliyefariki mwaka 2022, alikuwa na kipaji ambacho sijakiona kwa mwengine: angeweza kuchora watu thelathini kwenye fremu moja, na kila mmoja ukamtambua kwa namna alivyosimama.

Wa tatu ni kuanza na toleo la mwezi huu. Inawezekana. Ni kama kupanda daladala lililokwisha kuondoka: utapanda, lakini utasimama mpaka Mwanakwerekwe.

Hesabu ya namba

Mimi nafundisha hesabu skuli ya sekondari, kwa hiyo hapa mnisamehe nikikaa kidogo.

Mfululizo wa kwanza wa Avengers ulikwenda mpaka toleo la 402, mwaka 1996. Ukafungwa. Ukaanza upya kwa namba 1, ukaishia 13. Ukaanza tena kwa namba 1 mwaka 1998, ukafika 84. Toleo lililofuata, mwaka 2004, jaladani limeandikwa 500. Mpwa wangu alipoliona alidhani kapitwa na matoleo mia nne na ushei. Hakupitwa na hata moja. Chukua kalamu: 402, jumlisha 13, jumlisha 84, unapata 499. Linalofuata ni la 500. Wachapishaji walihesabu yote pamoja wakairudia hesabu ya zamani.

Kwa nini wanaanza upya kila mara? Namba 1 inauza. X-Men namba 1 ya mwaka 1991, ya Chris Claremont na Jim Lee, ilitoka na majalada matano tofauti na ikauza nakala zaidi ya milioni 8, ikaingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Baada ya hapo nani angekubali kuchapa namba 287 kwa amani? (Na kwa kuwa nakala ni milioni 8, mtu akikuuzia ya kwake kwa bei ya dhahabu, mwachie.)

Kanuni inayotoka hapo ni hii: namba peke yake haina maana. Mtu akikwambia "Avengers namba 4", muulize ya mwaka gani ulioanza mfululizo. Mimi naandika mwaka wa kuanza, mkwaju, namba: 1963/4 ni Captain America ndani ya barafu, 1998/4 ni kuchujwa kwa kikosi. Tangu nilipoanza kuandika hivyo sijagombana na mtu.

Na mwezi wa jaladani usiuamini kama tarehe ya kuzaliwa. Toleo lile la Septemba 1963 liliingia madukani Marekani mwezi Julai. Walikuwa wakitanguliza mwezi makusudi, ili muuza magazeti asiliondoe rafuni mapema akidhani limepitwa. Kwa kupanga utaratibu wa kusoma, mwezi wa jaladani unatosha. Kwa kubishana na mtu, hautoshi.

Kuyapata ukiwa hapa

Njia rahisi ni programu ya simu. Kampuni ya Marvel ina Marvel Unlimited, DC ina DC Universe Infinite, ila hii ya DC haipo kila nchi, hakikisha kwanza kama inafika kwetu. Unalipia kwa mwezi au kwa mwaka, unasoma upendacho. Kwenye Marvel Unlimited matoleo mapya huingia kama miezi mitatu baada ya kuchapishwa, na kwa mtu anayeanzia 1963 miezi mitatu si kitu. Tatizo la watu wetu wengi ni malipo, kwani wanataka kadi. Kama huna ya benki, ulizia kwenye mtandao wako wa simu kama pochi yako inaweza kukutolea kadi ya mtandaoni. Weka fedha za mwezi mmoja tu humo, zisizidi. Kisha pakua matoleo usiku penye waifai, usome mchana bila kuchoma bando. Kishikwambi cha inchi kumi ni kizuri kuliko simu, kwa sababu ukurasa wa katuni umechorwa uonekane wote kwa pamoja. Kwenye simu utakuwa unavuta fremu moja moja kama mtu anayetazama harusi kwa tundu la ufunguo.

Njia ya pili ni vitabu vya mkusanyo. Matoleo matano au sita yanashonwa pamoja kuwa kitabu kimoja, na vipo vinene vinavyobeba ishirini au thelathini. Hapa tahadhari moja: "kitabu cha 1" si "toleo la 1". Kabla ya kulipa, geuza nyuma au fungua ukurasa wa haki za uchapishaji, tafuta palipoorodheshwa matoleo yaliyomo, na uyaandike. Nilishauziwa na duka moja la mtandaoni kitabu cha 2 na cha 3 nikidhani nimekamilisha mwaka, kumbe katikati yao mna matoleo manne yaliyochapwa kwenye kitabu chengine chenye jina jengine kabisa.

Ukiwa na ndugu Uingereza, Canada au Dubai anayekuja likizo, mwombe kitabu kimoja kinene, si kumi vyembamba. Mzigo wake una kilo za kuhesabu na shangazi zake wote wana maagizo. Toleo moja moja jipya huuzwa dola 3.99 au zaidi, kwa hiyo hadithi ya matoleo sita ni kama dola 24 kabla hujalipa posta. Mkusanyo wake mara nyingi ni nafuu kuliko hapo.

Na zile tovuti za bure za wizi? Sitakuhubiria. Nitakwambia tu kwamba kurasa hukosekana, mpangilio huvurugwa, na tangazo la kamari hufunika fremu ile ile uliyokuwa ukiingojea.

Kaunta buku

Ukiacha yote, hili usiliache. Nunua kaunta buku moja, kwaya mbili zinatosha. Kila toleo lipe nusu ukurasa. Usiandike muhtasari wa hadithi, utachoka kufika toleo la kumi na daftari litaishia kuwa la hesabu za duka. Andika mambo haya tu: nani wametoka, nani wameingia, kiongozi ni nani, wageni wametokea wapi, na jambo gani limeachwa linaning'inia.

Hivi ndivyo ukurasa wangu unavyosomeka, kama ulivyo:

1963/16, Mei 1965.
Wametoka: Iron Man, Giant-Man, Wasp. Thor hayupo.
Wameingia: Hawkeye, Quicksilver, Scarlet Witch.
Kiongozi: Captain America. Hawkeye hajapenda.
Wametokea: Hawkeye, Tales of Suspense 57. Quicksilver na dada yake, X-Men 4. Vyote 1964.
Linaning'inia: wanamtaka Hulk arudi. Yuko wapi?

Mistari sita. Nimeandika "Giant-Man" na si Ant-Man, na hapo ndipo utakapoona kazi ya daftari. Ni mtu yule yule, Hank Pym. Toleo la 1 alikuwa akijifanya mdogo kama sisimizi, toleo la 2 anakuja akiwa mkubwa kama mnazi. Badiliko lenyewe lilitokea kwenye jarida lake, Tales to Astonish 49. Iron Man naye alivaa chuma kizito cha dhahabu, mara ghafla kavaa chembamba chekundu na dhahabu. Kilibadilishwa Tales of Suspense 48. Asiye na daftari hudhani mchoraji kasahau. Mwenye daftari huandika alama ya kuuliza, halafu huitafuta.

Mstari wa mwisho, wa linaloning'inia, ndio mtamu kuliko yote. Kila matoleo kumi rudi nyuma uone yapi yamejibiwa, uyapige mstari. Mengine yatakaa miaka. Hao waandishi hupokezana kazi, na anayekuja si lazima alipe deni la aliyeondoka.

Namna ya kusoma toleo moja

Toleo moja la sasa lina kurasa kama 20 za hadithi. Kwa kasi ya kawaida ni robo saa. Lisome mara mbili, basi ni nusu saa, na usisome zaidi ya matatu kwa usiku mmoja, yatachanganyika.

Jalada lipite haraka. Jalada ni mpiga debe wa daladala: anakwambia gari imejaa inaondoka, ukipanda unakuta siti kumi tupu. Likionesha shujaa amekufa, mara nyingi ndani hakufa.

Mara ya kwanza fuata maneno. Unaanzia juu kushoto kwenda kulia, na ndani ya fremu unaanza na kiputo kilicho juu zaidi upande wa kushoto. Naona aibu kulieleza hili lakini lina sababu. Watoto wetu wengi huingia chuoni kusoma Kurani kabla ya skuli, jicho lao limezoea kuanzia kulia. Nilimwona mtoto wa miaka tisa akianza na kiputo cha kulia, akapata jibu kabla ya swali, na akacheka kweli kweli. Mtoto huyo mpe katuni za Kijapani, zinazosomwa kulia kwenda kushoto, atakuwa bingwa wa mtaa.

Kiputo chenye mkia wa vijipovu ni mawazo, hakisikiki na wenzake. Chenye kingo za miiba ni kelele au sauti ya redioni. Cha mistari ya kukatika ni mnong'ono. Kisanduku cha mraba ni msimuliaji, au siku hizi ni mawazo ya mhusika. Ukiona nyota ndogo kwenye neno, shuka chini ya fremu: mhariri kakuachia maelezo kwamba jambo hilo limetokea toleo fulani la jarida fulani. Nyota hizo zinakili zote kwenye kaunta buku. Katika matoleo ya zamani zimejaa. Mapya mengi yameziacha, na mimi nazililia.

Mara ya pili funga masikio, tazama picha tu. Angalia nani kasimama karibu na nani. Wakati Hawkeye anabishana na Captain America, tazama wale ndugu wawili, Quicksilver na Scarlet Witch, wako wapi kwenye fremu. Mchoraji mzuri anakwambia ugomvi utakwendaje kabla mwandishi hajafungua mdomo.

Halafu jambo dogo la nyumbani: usisome huku unakula urojo. Nina toleo moja lenye jua la manjano ambalo mchoraji hakulichora.

Linapokwenda kwenye majarida mengine

Hapa wengi hukata tamaa. Wahusika wa kikosi wana majarida yao wenyewe, hadithi inaanzia huku, inaishia kule. Ukifuata kila nyota utajikuta unasoma majarida kumi, na Avengers hujawafikia.

Kanuni yangu ni hatua moja tu. Nyota ikinipeleka jarida jengine na nikashindwa kabisa kuielewa hadithi bila hilo, nakwenda, nasoma toleo lile moja, narudi. Likiwa nalo lina nyota yake, siifuati. Ndugu wawili wale wa X-Men 4, kwa mfano, inatosha kujua kwamba walikuwa chini ya Magneto, adui wa X-Men, na hawakumpenda.

Isipokuwa pale hadithi moja inapogawiwa majarida mawili makusudi. Mfano safi ni wa mwaka 1973, Avengers walipogombana na Defenders, kikosi chengine cha Marvel chenye jarida lake. Hapo huna budi kuyasoma yote mawili kwa kupokezana: Avengers 115, Defenders 8, Avengers 116, Defenders 9, Avengers 117, Defenders 10, Avengers 118, Defenders 11. Ukisoma Avengers nne mfululizo halafu Defenders nne, utakuwa umesikiliza mwimbaji peke yake, kisha ukapigiwa kibwagizo baada ya watu kwenda kulala. Vitabu vya mkusanyo vya hadithi kama hizi kwa kawaida vimeshakupangia.

Barazani

Soma na wenzako ukiweza. Sisi ni wanne, tunakutana Ijumaa usiku, na mwezi wa Ramadhani baada ya tarawehe. Toleo ni lile lile kwa wote, na aliyetangulia mbele haruhusiwi kusema. Anayemwaga mtama faini yake ni kahawa na kashata za baraza zima. Mwaka juzi mwenzetu mmoja alisema tu "yakhe, yule Vision si mtu wa kumzoea", akalipa.

Mabishano yawe juu ya kilichomo kurasani. Letu kubwa ni Hulk: ni mwanachama au mgeni? Mmoja anasema kuwepo toleo la 1 ni kuwa mwanzilishi, basi. Mwengine anasema aliyeondoka toleo la 2 hata hajala mshahara wa kwanza. Miaka minne sasa. Daftari limefunguliwa mara nyingi, halijatusaidia.

Koga, kutu na wadudu

Aliye na programu ya simu aruke sehemu hii. Mwenye karatasi asome mara mbili, maana hewa ya Unguja ni adui kuliko wote walio vitabuni.

Mwaka mmoja, masika yalipoanza, niliogopa mvua. Nikayafunga matoleo yangu ndani ya mfuko wa plastiki, nikabana kwa gundi ya karatasi, nikayaweka chini ya kitanda, ubavuni mwa ukuta wa mawe na chokaa. Nilijiona mjanja. Nilipofungua Juni, mfuko ulikuwa umetoa jasho ndani. Unyevu niliokuwa nikiuogopa nilikuwa nimeufungia humo humo. Karatasi za matoleo ya miaka ya tisini zina mng'aro, na karatasi ya namna hiyo ikilowa hugandana. Nilipovuta jalada la toleo la 12, sura zikabaki kwenye toleo la 13, zikiwa zimegeuka kushoto kulia. Pini za katikati zilikuwa na kutu iliyochora mstari wa hudhurungi kurasa nne ndani. Na juu ya yote, koga, pamoja na uvundo ambao hadi leo naujua nikifungua kabati.

Sasa nafanya hivi. Matoleo yanasimama wima kwenye boksi, hayakulazwa, na hayakubanwa sana. Kila moja lina bahasha yake ya plastiki yenye kadibodi nyuma, lakini mdomo wa bahasha siufungi kwa gundi. Boksi liko juu ya rafu, shubiri nzima kutoka ukutani, kwa sababu kuta zetu hizi hunywa maji na kuyatema. Ndani naweka vile vifuko vidogo vya kukaushia vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Waambie jamaa wasivitupe. Kaskazi ikivuma, Januari au Februari, nachagua siku kavu, nafungua yote kivulini yapate hewa. Kivulini, si juani: karatasi ya gazeti iliyotumika zamani hugeuka manjano ikipigwa na jua, na rangi za jalada hupauka.

Marehemu mama alikuwa akitia karafuu kwenye kasha la kanga zake, nami nikajaribu kwenye boksi. Wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaotafuna karatasi sijawaona tena, iwe ni kwa karafuu au kwa ufagio sijui. Ila zitie kwenye kitambaa na uziweke pembeni, zisiguse karatasi. Mafuta yake huacha doa.

Toleo likikosekana

Litakosekana tu. Desemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima, ukakaa kiasi cha miezi mitatu bila kurudi. Wakati huo binamu yangu alikuwa ameniletea boksi la viatu lenye matoleo ya mfululizo wa 1998. Nilikuwa nikisoma kwa kandili, toleo moja kwa usiku, kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa ghali. Nikafika hadithi ya Ultron, yule roboti adui wa Avengers, ambayo ina sehemu nne, toleo la 19 mpaka la 22. Sehemu ya kwanza Ultron anaangamiza nchi nzima. Ya pili inaisha pabaya. Nikatia mkono ndani ya boksi, nikatoa la 22.

Nilimwaga boksi lote sakafuni, nikapekua kwa kandili. La 21 halikuwemo.

Ukipatwa na hilo, jipe mwezi mmoja wa kulitafuta, usizidi hapo, la sivyo utaacha kusoma kabisa. Usiende kusoma muhtasari wake popote. Muhtasari utakupa jibu na kukunyima toleo. Andika namba yake juu ya ukurasa mpya wa kaunta buku, acha ukurasa mzima wazi, kisha kwa penseli andika mistari michache ya unachodhani kilitokea, ukitumia la 20 na la 22 tu. Halafu endelea mbele.

Mimi nililipata la 21 mwaka 2016, ndani ya kitabu cha mkusanyo alichokuja nacho ndugu mmoja kutoka London. Nilikuwa nimekosea karibu kila kitu isipokuwa jina la adui. Penseli sikuifuta. Ya kweli nimeiandika chini yake, kwa wino.